Msamaha bila mtu wa kukupokea



Ulizo lililo mbele ya muungano mwaka huu linajulikana na kila mtu. Mwenzetu aliyekuwa soda akikamatwa na bangi mfukoni, ao akipelekwa parke juu ya kupigana kisha kunywa lutuku, sanduku letu limsaidie ao limuache? Wengine wanasema sanduku ni la kilio, la ugonjwa na la mtoto mpya, na mwenye kuvuta bangi alijitafutia mwenyewe. Wengine wanajibu: «Huyu ni wetu, tulirudi naye.» Pande zote mbili ziko na sababu zao. Mbele ya kura, tumeona vizuri tuandike namna wasoda wa huku kwetu walivyopokelewa kila mara waliporudi, maana ni humo tunaona kwa nini wengi wao wanamuogopa mwamuzi, wanaogopa lopitali, na wanaogopa hata karatasi inayosema wamesamehewa.

Tuanze na Kolwezi yenyewe. Mwezi wa Januari 1963, mji huu ulikuwa wa mwisho mikononi mwa Moïse Tshombe wakati Katanga ilipoacha kujitenga. Wanajandarma wake hawakungoja kuona watafanywa nini: wengi walifuata njia ya reli mpaka Dilolo na kuvuka Angola, iliyokuwa bado chini ya Wareno. Mwaka wa 1964 Tshombe akawa waziri mkuu wa Congo yote, akawaita warudi wapigane na waasi wa Simba. Wakarudi. Hakuna aliyewauliza wako namna gani. Waliulizwa kama wanaweza kushika bunduki.

Kisha Mobutu akakamata utawala, na wasoda wale wakawa watu wa kuangaliwa kwa jicho baya. Waliasi Kisangani 1966, tena 1967 pamoja na wazungu wa kukodiwa, wakakimbilia Bukavu na mwisho Rwanda. Wazee wetu banasemaka kwamba wale waliorudishwa Congo kwa ahadi ya msamaha, wengi wao hawakufika kwao. Na kama mtu anataka mfano usio na mashaka, aangalie Pierre Mulele: mwaka wa 1968 alitoka Brazzaville kwa kuahidiwa msamaha, akafika Kinshasa, na katika mwezi wa Oktoba akauawa. Habari hiyo ilifika mpaka kambi za Angola. Kule Nathanaël Mbumba, aliyekuwa mkubwa wa polisi hapa Kolwezi na aliyekimbia 1967, alikuwa anakusanya wanajandarma na vijana katika kikundi kilichoitwa FLNC. Ndio watu ambao sisi tunawaita Watigre.

Vita vya siku 80 na vita vya siku sita hatutavieleza tena hapa. Wenye kuviona bado wako, na vijana wamechoka kuvisikia. Inatosha kukumbuka tarehe. Tarehe 8 Machi 1977 Watigre waliingia, wakakamata Dilolo, Kasaji, Mutshatsha, mpaka wasoda wa Moroko walipoletwa kusaidia jeshi la Mobutu. Tarehe 13 Mei 1978 waliingia Kolwezi asubuhi. Tarehe 19 waparashuti wa Ufaransa wakaangushwa juu ya mji, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe. Kila mara jeshi la serikali liliporudi, vijiji vya upande wa Sandoa, Kapanga na Dilolo viliikimbia hasira yake na kuvuka mupaka. Familia nyingi za muungano huu zilipotea kwao namna hiyo.

Mwaka uleule wa 1978 Mobutu alitangaza msamaha, akapatana na Agostinho Neto wa Angola, na watu wakaanza kurudi kwa njia ya Dilolo, wakipokelewa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Hapo kuna jambo ambalo wanamemba wadogo hawalijui. Mkimbizi wa kawaida alipewa chakula, blanketi, mara nyingine mbegu na jembe. Aliyekuwa soda alijificha ndani ya hesabu hiyohiyo. Alisema yeye ni mulimaji. Aliogopa kwamba akisema kweli, jina lake litaandikwa fasi nyingine. Basi akarudi na bega lenye risasi, na usingizi usiokuja, na tabia ya kuamka usiku akitafuta mulango, bila mtu hata mumoja wa kumuambia, maana kuambia ni kujishitaki. Bibi yake alijua. Watoto walijua kwamba baba asiamshwe kwa kuguswa.

Bangi na lutuku viliingia kwa mulango huo. Hatusemi kila aliyekunywa alikunywa juu ya vita. Kolwezi ni mji wa mugodi, na pombe ilikuwa hapa mbele ya Watigre. Lakini kwa mtu asiye na munganga na asiyeweza kusema neno, chupa ya lutuku ilikuwa dawa ya bei ndogo, inayouzwa nyumba ya pili, bila kuuliza jina.

Mwaka wa 1997 watoto wa Watigre na wazee wachache walirudi tena toka Angola, safari hii kama washindi, kupigana upande wa Laurent-Désiré Kabila. Pamoja nao kulikuwa wale tulioita kadogo, watoto kabisa. Katika vita vya Congo vya miaka hiyo, vikundi vingi viliwapa watoto bangi na pombe ili wasiogope. Leo kadogo wa 1997 ni mwanaume wa miaka arobaini na zaidi. Wengine ni majirani wetu katika komini ya Manika.

Ndipo ilipokuja kazi ya kuwatoa watu jeshini. Kuanzia 2004 CONADER iliita wapiganaji kwenye kambi, na kila mumoja aliulizwa: jeshi jipya ao kiraia? Aliyechagua kiraia alipewa karatasi, dola 110 siku ya kutoka, na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mumoja. Hapa Katanga kulikuwa pia mupango wa PAREC, wa pasta Daniel Ngoy Mulunda: leta bunduki, kamata kinga. Kinga ni kitu kizuri, tusicheke. Kuko familia zilizolishwa na ile kinga. Lakini angalia vizuri kilichotolewa toka 1964 mpaka hapo: kazi ya bunduki, msamaha, karatasi, dola, kinga. Katika mambo yote hayo hakuna mtu. Hakuna aliyepewa kazi ya kujua kama yule bwana wa karatasi namba fulani analala usiku, kama alifika lopitali, kama bibi yake amekimbia. Dola 25 ziliisha, na wengi waliingia mashimo ya kobalti kuchimba.

Na sasa tufike kwenye tribinali. Aliyetoka jeshini ni raia, kwa hiyo kosa lake la leo haliendi kwa waamuzi wa jeshi. Linaenda parke na tribinali ya amani. Sheria yetu ina fasi ndogo ya huruma: kwa mtu ambaye hakuhukumiwa mbele, na kama kifungo si kirefu, mwamuzi anaweza kusimamisha hukumu, ndiyo ile wanaita sirsi. Mtu anarudi nyumbani, na akikosa tena analipa yote mawili. Ni sheria nzuri. Lakini sirsi inamuambia mtu asikose tena. Haimuambii aende wapi kuacha lutuku, wala nani atamsindikiza. Mwamuzi hana mtu wa kutuma. Munganga hajui kwamba mugonjwa wake ana kesi. Lopitali ya ugonjwa wa akili yenye kujulikana zaidi katika eneo letu, ile ya Joseph Guislain ya Mafrere wa Upendo, iko Lubumbashi, kilometa kama 300. Familia inashika mukono mumoja, tribinali mukono mwingine, na mtu anapasuka katikati. Kisha anarudi buloko ya Dilala, na humo ndani bangi haikosekani.

Kuna fasi moja ambako walitafuta njia ya kuunganisha vipande hivi, nayo iko mbali: Buffalo, mji wa Marekani. Tunaieleza kwa urefu juu marafiki wetu wa ng'ambo wametuuliza, na juu wengine kati yetu walifikiri ni kitu cha kutoa watu buloko bure.

Wamarekani walianza na tribinali za madawa ya kulevya huko Miami mwaka wa 1989, wakati kokeini ilipojaza magereza. Wazo lilikuwa hili: mwenye kosa dogo la madawa anakubali matunzo, anarudi mbele ya mwamuzi uleule kila mara, anapimwa, anasifiwa ao anaonywa, na akimaliza, kesi yake inapunguzwa ao inafutwa. Mwamuzi Robert Russell alianzisha ya Buffalo 1995. Karibu mwaka wa 2006 alikuwa na mtu aliyepigana vita vya Vietnam, aliyekuja mbele yake kichwa chini, hajibu kitu, matunzo hayamsaidii. Russell aliwaomba watu wawili waliokuwa karibu, Hank Pirowski na Jack O'Connor, ambao pia walipita Vietnam, watoke naye nje kidogo wazungumze. Waliporudi, yule mtu alisimama wima kama soda mbele ya mukubwa wake, na akasema atajaribu zaidi. Mwamuzi alishangaa: yeye na waganga wamefanya kazi miezi, na mazungumzo mafupi katika kulwari yamefungua mulango. Mwezi wa Januari 2008 alifungua tribinali ya wasoda wa zamani peke yao. Mji wa Anchorage ulikuwa umejaribu kitu cha namna hiyo mwaka wa 2004, lakini ni Buffalo iliyoigwa, na leo ziko mamia.

Sisi tunaona vitu viwili vya kushika. Cha kwanza ni kile kiti. Katika chumba cha tribinali ya Buffalo anakaa mtumishi wa idara ya serikali ya wasoda wa zamani, na ordinatere mbele yake. Soda akiitwa, mtumishi anatafuta jina, anaona haki zake, anaandika siku ya munganga palepale. Mtu hatoki na barua ya kuzunguka nayo mjini; anatoka na saa na jina la mtu anayemngoja. Cha pili ni msindikizaji: soda wa zamani anayejitolea, halipwi, hahukumu, anamfuata mwenzake kwa simu na kwa miguu.

Tusidanganyane lakini. Hatuna idara ile. Hatuna maabara ya kupima kila wiki, na hakuna sheria yenye kuunda tribinali ya namna hiyo Lualaba. Kuko pia hatari ndani ya mupango wenyewe: mtu anaweza kukubali kosa ambalo hakufanya ili apate matunzo, na aliyelazimishwa na mwamuzi anaweza kujidai tu. Tena wamama wa muungano walisema jambo ambalo hatutaki lipotee: soda akimpiga bibi yake, wa kusindikizwa kwanza ni bibi. Wana haki. Katika barua tuliyoandaa kwa parke, makosa ya kumwaga damu na ya kupiga mtu nyumbani tumeyaacha nje.

Kinachobaki ni kidogo na kinawezekana. Sirsi iko tayari katika sheria. Inakosa mtu wa upande wa pili. Tunapendekeza muungano umpe mwamuzi huyo mtu. Siku ya kesi, wawili wetu wakae ndani ya chumba, mumoja awe aliyepita jeshi. Wawe na daftari moja tu, ambamo imeandikwa nani anatunza watu hapa Kolwezi, siku gani anapokea, na basi ya Lubumbashi inaomba franka ngapi. Msindikizaji asiwe mpelelezi: anachoambiwa na mwenzake usiku hakiendi parke. Zanzibar, watu walioacha unga ndio wanaoendesha nyumba za kuwapokea wanaotaka kuacha, na hakuna aliyewapa digri kwa kazi hiyo.

Gharama ambayo tunaomba wanamemba wakubali ni ya usafiri, chakula cha siku ya tribinali, na dawa za miezi mitatu ya kwanza kwa kila mtu, wasipite watu sita kwa mwaka. Sanduku la kilio haliguswi. Marafiki wa ng'ambo wamekubali kufikiria sehemu ya dawa kama sisi tunabeba usafiri. Jibu lao linangoja kura yetu.

Waliopita kambi za CONADER, ao waliorudi na Watigre, na wanaotaka kuwa wasindikizaji, waandike majina kwa katibu wa kartie yao mbele ya mkutano mkuu. Asiyetaka jina lake lionekane kwenye karatasi, aje aseme kwa mdomo. Tunaelewa sababu.