KIDONGE KIMOJA, DAWA MBILI: Historia ya dawa ya mafua ya mzio na maonyo yake (Sehemu ya 1 hadi ya 5)

 

Swali linalojirudia sana kwenye meseji zenu ni hili: "Nesi, nina mafua ya aleji, dukani nimepewa kidonge chenye dawa mbili ndani, moja ya aleji na nyingine ya kuzibua pua. Nikimeza kuna shida?"

Jibu fupi: watu wengi wakikitumia siku chache na kwa kipimo sahihi, hawapati shida. Ila wapo ambao kidonge hichohicho kinaweza kuwapeleka wodini. Jibu refu ni historia. Yale maonyo kwenye kikaratasi ndani ya boksi, ambacho wengi tunakitupa bila kukifungua, hayakutungwa mezani na watu waoga. Mengi yana mwaka wake, na nyuma yake kuna watu walioumia. Twende taratibu.

SEHEMU YA 1: MAFUA AMBAYO SI MAFUA

Mwezi Machi 1819, daktari mmoja wa London, John Bostock, aliwaeleza madaktari wenzake habari za mgonjwa wa ajabu. Mwanaume wa miaka 46. Tangu ana miaka minane, kila mwaka kiangazi kikianza, macho yanamuwasha, anapiga chafya mfululizo, pua inachuruzika, kifua kinabana. Kiangazi kikiisha, anapona kama vile hakuna kilichotokea. Huyo mgonjwa alikuwa Bostock mwenyewe! Akaendelea kutafuta wenzake, na hadi 1828 alikuwa amepata 28 tu.

Watu wa mitaani Uingereza wakasema hiyo ni harufu ya majani yanayokatwa na kukaushwa kwa ajili ya mifugo, wakaupa ugonjwa jina la homa ya majani makavu. Jina limebaki hadi leo, lakini si homa, na wala kosa si la majani makavu.

Aliyemaliza ubishi ni Charles Blackley, daktari wa Manchester, ambaye naye aliugua ugonjwa huohuo. Alijipaka chavua, yaani ule unga wa maua, puani, machoni na hata kwenye ngozi aliyoikwaruza, akaangalia kinachotokea. Alirusha vishada angani vikiwa na vioo vyenye kunata ili ajue chavua inafika juu kiasi gani. Mwaka 1873 akachapisha kitabu: chanzo ni chavua, hasa ya nyasi. Neno lenyewe "aleji" likaja 1906, likitungwa na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna.

Huku kwetu hatuna kiangazi cha Uingereza, ila nyasi zinachanua baada ya mvua, tuna vumbi, na tuna vile vijidudu visivyoonekana vinavyoishi kwenye magodoro na mito. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na "mafua" mwaka mzima. Utayatambuaje kuwa ni mzio? Macho na pua vinawasha, chafya zinakuja kwa mfululizo, kamasi ni jepesi kama maji, na hakuna homa. Ukiwa na homa, mwili unauma na kamasi ni zito, hapo tunaongelea kitu kingine.

SEHEMU YA 2: NUSU YA KWANZA, DAWA YA ALEJI

Mwaka 1910, Henry Dale na Patrick Laidlaw, wanasayansi wa Uingereza, walieleza kazi za kemikali inayoitwa histamini. Mwili wetu wenyewe unaitengeneza na kuihifadhi. Mtu mwenye mzio akivuta chavua, histamini inamwagwa puani na machoni. Hapo ndipo kuwashwa, chafya na kamasi vinapoanza.

Swali likawa: tunaweza kuizuia? Mwaka 1937, pale Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniel Bovet na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub walipata kemikali ya kwanza iliyoizuia histamini kwa wanyama wa maabara. Ilikuwa na sumu mno kwa binadamu, ila mlango ulikuwa umefunguliwa. Miaka ya 1940 dawa zikamiminika. Marekani wakaanza kuuza difenhidramini mwaka 1946, na muda si mrefu ikafuata klorofeniramini, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la Piriton.

Zilifanya kazi. Shida ni kwamba zinaingia hadi kwenye ubongo, na huko histamini ina kazi yake nzuri: inatuweka macho. Ukiizuia, usingizi unakuja. Kumbe ule usingizi si dalili kwamba "dawa imeingia vizuri". Ni dawa kufika mahali ambapo haikutakiwa. Kwa dereva wa bodaboda au fundi aliye juu ya ngazi, hilo ni jambo la kufa na kupona. Ukichanganya na pombe ndio kabisa. Tena dawa hizi za zamani zinakausha mdomo, zinaweza kumzuia mzee mwenye tezi dume kukojoa, na zinaweza kumchanganya akili mtu wa umri mkubwa.

Mwaka 1985 Marekani walipokea terfenadini, dawa ya aleji isiyolaza. Watu walifurahi sana. Baadaye ikaonekana kwamba mtu akiimeza pamoja na erithromaisini au ketokonazoli, dawa za kawaida kabisa za bakteria na fangasi, ini linashindwa kuivunja, inajaa mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo. Wengine walikufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaondolewa sokoni, nafasi yake ikachukuliwa na feksofenadini, ambayo haina tatizo hilo la moyo.

Ndiyo maana mfamasia anakuuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Si umbea. Anauliza kwa sababu ya wale waliotangulia.

Leo tuna setirizini na loratadini. Hazilazi kama za zamani, japo setirizini bado inawapa baadhi ya watu usingizi. Ijaribu kwanza siku ambayo huendeshi chombo.

SEHEMU YA 3: NUSU YA PILI, DAWA YA KUZIBUA PUA

Dawa ya aleji inazuia chafya na muwasho vizuri, ila pua iliyoziba haiiwezi sana. Kwa nini? Kwa sababu pua ikiziba, mara nyingi si kamasi tu. Ni mishipa midogo ya damu ndani ya pua imevimba. Hapo inahitajika dawa ya kuibana.

Wachina walikuwa na mmea unaoitwa ma huang, walioutumia tangu zama za kale. Mwaka 1885 mwanasayansi wa Japani, Nagai Nagayoshi, alitoa ndani yake kemikali inayoitwa efedrini. Miaka ya 1920, K. K. Chen na Carl Schmidt, wakiwa Beijing, waliichunguza na kuitangaza kwa madaktari wa Magharibi. Inabana mishipa, pua inafunguka.

Sasa sikia vizuri hapa, maana ndiyo roho ya somo. Kidonge ukishakimeza hakijui njia ya kwenda puani peke yake. Kinazunguka na damu mwili mzima. Kikibana mishipa ya pua, kinabana na mingine. Presha inapanda, moyo unakwenda mbio, usingizi unakata. Pseudoefedrini, ndugu yake efedrini, ni mpole zaidi, lakini ni wa ukoo uleule.

Kulikuwa na ndugu mwingine: fenilipropanolamini. Ilikuwa kwenye dawa za mafua, na pia kwenye vidonge vya kupunguza hamu ya kula. Miaka na miaka watu waliinunua bila cheti. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo baada ya kuchunguza watu 702 wa umri wa miaka 18 hadi 49 waliopata kiharusi cha damu kuvuja ubongoni. Hatari ilionekana kuongezeka sana kwa wanawake waliotumia vile vidonge vya kupunguza kula. Novemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikawataka watengenezaji waache kuiuza.

Angalia tena umri wao. Si wazee. Ni vijana na watu wa makamo, waliomeza kitu cha dukani tu.

SEHEMU YA 4: NDOA YA DAWA MBILI

Kuziunganisha kulikuwa na mantiki: moja inashughulikia chafya na muwasho, nyingine inazibua. Kidonge maarufu cha aina hiyo, Actifed, chenye triprolidini na pseudoefedrini, kilifika hadi angani. Oktoba 1968 wanaanga wa Apollo 7 walipata mafua wakiwa huko juu, ambako hakuna uzito na kamasi haliteremki. Kidonge kilikuwemo kwenye sanduku lao la dawa. Nahodha wao, Wally Schirra, baadaye akawa anakitangaza kwenye televisheni.

Kuna imani moja mtaani: "Moja inaleta usingizi, nyingine inakesha, kwa hiyo zinafutana." Hapana jamani. Hazifutani. Unaweza kuwa na moyo unaodunda kwa kasi na bado macho yakawa mazito barabarani. Unabeba mizigo yote miwili.

Halafu likaja balaa lingine. Wahalifu waligundua kwamba pseudoefedrini inaweza kugeuzwa kuwa dawa ya kulevya. Marekani ikasaini sheria mwaka 2006 kwamba ikae nyuma ya kaunta, mnunuzi aonyeshe kitambulisho. Viwanda vingi vikahamia kwenye fenilefrini, ambayo haina usumbufu huo. Lakini ukiimeza, utumbo na ini vinaivunja karibu yote kabla haijafika puani. Septemba 2023 jopo la wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura, wote 16 wakasema: fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo kinachouzwa, haizibui pua. Mwaka 2024 mamlaka ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza zinazouzwa bila cheti.

Na pseudoefedrini je? Inafanya kazi, ila Ulaya waliichunguza upya mwaka 2023 kwa sababu ya matukio machache lakini mabaya ya mishipa ya ubongo. Mwanzoni mwa 2024 uamuzi ukatoka: isitumiwe kabisa na mtu mwenye presha kali au isiyotulia, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo.

SEHEMU YA 5: SASA WEWE UFANYEJE?

Kwanza, soma majina madogo nyuma ya boksi, siyo jina kubwa la mbele. Tafuta maneno haya kama yalivyoandikwa: "pseudoephedrine", "phenylephrine", "chlorpheniramine", "cetirizine", "loratadine", "paracetamol". Dawa nyingi za mafua zina tatu kati ya hizo ndani ya kidonge kimoja. Ukimeza hiyo, ukaongeza Piriton usiku na panadol kwa ajili ya kichwa, umeshameza dozi mara mbili bila kujua. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, ukihesabu na iliyojificha humo.

Pili, kama hujapima presha siku nyingi, pima kabla ya kununua. Wengi wana presha na hawajui. Mwenye presha isiyotulia, ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye figo mbovu: kidonge chenye dawa ya kuzibua pua si chako. Mwenye kisukari, presha ya macho, tezi dume, ugonjwa wa tezi la shingo, au mjamzito: uliza kwanza. Anayetumia dawa za TB sugu aangalie kama ana linezolidi, maana ikikutana na pseudoefedrini presha inaweza kupanda ghafla. Vivyo hivyo kwa baadhi ya dawa za sonona.

Tatu, watoto. Mwaka 2008 Marekani walionya dawa hizi wasipewe watoto chini ya miaka 2, na 2009 Uingereza wakasema chini ya miaka 6 wasipewe kabisa. Mama, usikate kidonge cha mkubwa nusu ukampa mtoto. Mtoto si nusu ya mtu mzima.

Nne, siku chache tu. Kile cha saa 12 kimeze kizima, usikisage wala kukitafuna, maana dawa ya nusu siku itaingia kwa mkupuo. Usikimeze karibu na kulala. Na ile ya kudondoshea puani isizidi siku 5, la sivyo pua inazoea na kuziba zaidi ya mwanzo.

Tano, jua dalili za hatari: kichwa kuuma ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, degedege, kifua kubana. Acha dawa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kupambazuke.

Na kama mzio ni wa kila mwezi, kidonge cha dawa mbili sicho unachokihitaji. Mara nyingi dawa ya aleji peke yake inatosha, au dawa ya kupuliza puani ya jamii ya steroidi, ambayo inatuliza uvimbe wenyewe ukiitumia kila siku kama ulivyoelekezwa. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa nako kunasaidia sana, na gharama yake ni ndogo.

Bostock aliishi na ugonjwa huu kabla vidonge hivi havijakuwepo. Sisi tunavyo tele, kila kona ya mtaa. Basi leo ukirudi nyumbani, toa lile boksi kwenye droo, fungua kile kikaratasi, ukisome. Usipoelewa neno, kipeleke kwa mfamasia au muuguzi aliye karibu nawe. Mshirikishe na mzazi wako mwenye presha.

Tukutane kwenye somo lijalo. Afya njema.