Kwa nini mitambo ya gesi husimamishwa kabla ya kuharibika

Katika mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia, kama ile ya Kinyerezi jijini Dar es Salaam, gesi iliyowaka husukuma mapanga ya turbaini yanayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Katika turbaini kubwa za kisasa, joto la gesi hiyo hupita nyuzi 1,400 za Selsiasi, kiwango ambacho kingeyeyusha metali ya mapanga yenyewe. Mapanga hunusurika kwa kupozwa na hewa inayopitishwa ndani yake na kwa kukingwa na utando wa kauri.

Chuma cha kawaida cha ujenzi hakiwezi kazi hii, kwani hupoteza karibu nusu ya uimara wake kwenye nyuzi 600. Tangu Uingereza ilipobuni aloi za nikeli kwa ajili ya injini za ndege za jeti mwanzoni mwa miaka ya 1940, aloi hizo ndizo tegemeo. Kromiamu iliyomo huzuia kutu ya joto. Alumini, ikiungana na nikeli, huunda chembe ndogo mno zenye tabia isiyo ya kawaida: joto lipandapo hadi nyuzi 700 au 800, chembe hizo huzidi kuwa imara. Baada ya hapo uimara hushuka kwa kasi.

Hata hivyo, kipimo cha dakika chache maabara hakitoshi. Panga linalobeba mzigo uleule kwa maelfu ya saa hurefuka polepole, ingawa mzigo huo ni mdogo kuliko ule ambao lingeustahimili likiwa baridi. Kwa makadirio ya wahandisi, ongezeko la nyuzi 15 tu katika metali laweza kupunguza maisha ya panga kwa nusu. Namna ya kuvunjika nayo hubadilika. Kwenye joto la chini ufa hukata fuwele katikati. Kwenye joto kali hupita mipakani mwa fuwele, ambako vitundu vidogo huungana. Ndiyo maana baadhi ya mapanga husubiwa yakiwa fuwele moja, isiyo na mpaka ndani yake.

Kuwasha na kuzima mtambo kuna gharama yake pia, kwa kuwa uso wa panga hupata moto na kupoa haraka kuliko kiini, na nyufa huanzia hapo. Kwa hiyo ratiba za ukaguzi huhesabu saa za kazi pamoja na idadi ya mara mtambo ulivyowashwa, na mtambo husimamishwa ungali unazalisha umeme. Panga moja likikatika, kipande chake huharibu safu zote zilizo nyuma yake.