Kiongozi, Gazeti Lililochapwa Kwetu Tanga

Shule ya serikali iliyofunguliwa hapa kwetu enzi za Wajerumani ndiyo iliyochapa Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililosomwa mpaka bara. Walimu na makarani Waafrika walilipelekea habari za kwao. Lilikoma 1916, mwaka ambao Waingereza waliutwaa mji.

Karatasi ya gazeti haingoji: hugeuka manjano, kisha humeguka. Kijana wetu aliye katika mafunzo kwa vitendo anapiga picha magazeti ya zamani, ukurasa kwa ukurasa, na kuorodhesha kila jina la mtu na kijiji, ili mjukuu aweze kumtafuta babu yake. Mchango wako utamlipia nauli na skana. Mwenye gazeti sandukuni alilete. Likishapigwa picha atarudi nalo nyumbani.