Webuye walinusa, lakini namba zilikuwa wapi?

Wakuu, uzi huu ni wa wale wanaosema mashine ya kupima hewa ni anasa ya Nairobi. Hoja hiyo nimeisikia Kitale, nikaisikia tena Bungoma, kila bajeti ya kaunti ikijadiliwa. Sitaji mwanasiasa wala chama. Twende kwa historia.

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma kwa matatu unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, halafu Webuye. Zamani hukuhitaji kuuliza makanga mmefika wapi. Pua ilikuambia. Mji huo, uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, ndio uliopata kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichoanza uzalishaji 1974. Serikali ilikuwa na hisa, pamoja na wawekezaji kutoka India na shirika la IFC la Benki ya Dunia.

Karatasi ya aina ile hupatikana kwa kupika vipande vya mbao na kemikali zenye salfa. Hapo ndipo inapotoka harufu ya yai bovu. Wakazi walilalamika miaka na miaka: kifua, macho, mabati yanayooza kabla ya wakati wake. Jibu likawa lile lile mnalolijua: kiwanda kinalisha watu, mnataka kifungwe? Na kweli kilikuwa kinalisha watu. Kilipofungwa 2009 mji ulizimika, na waliolalamikia moshi walikuwa kati ya waliotaka kirudi. Mimi siwacheki. Njaa nayo ni ugonjwa.

Lakini angalia mjadala ulivyokwama. Mmoja anasema mtoto wangu anakohoa, mwingine anasema hata kwa kina fulani mbali na kiwanda wanakohoa. Nani atawaamua? Hakuna kituo kilichokuwa kikimpa raia namba za kila siku, na Kanuni za Ubora wa Hewa zilitoka 2014, miaka 5 baada ya kiwanda kufungwa.

Kituo chenyewe kinafanya nini? Kinavuta hewa na kuhesabu vitu viwili tofauti: chembe na gesi. Chembe zinazotisha madaktari ni PM2.5, zile za mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wako ni mnene zaidi ya mara 20. Hizo hazikamatwi na pua, zinaingia hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinapenya kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Sasa hapa ndipo watu hudanganywa. Kifaa cha chembe peke yake kingeona masizi ya boila pale Webuye, ila ile gesi ya yai bovu kisingeiona kabisa. Afisa angesimama mkutanoni na karatasi yake: "Hewa iko sawa." Kwa hivyo kaunti ikisema imenunua mashine, uliza inapima nini. Uliza pia nani ataikagua, maana vifaa vya bei nafuu huchanganywa na unyevu, na asubuhi za Kitale mnazijua.

Namba zikiwepo kwa mwaka mzima, afisa wa afya anaziweka kando ya daftari la zahanati. Wiki za kuchoma miwa, je, wagonjwa wa pumu wanaongezeka? Malori yakipanga foleni barabara ya Malaba, je? Shule inaweza kuhamisha michezo iende saa nyingine. Kampala wameanza: mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, tangu 2015, unatengeneza vifaa vyake hapo hapo, na vingine vimefungwa kwenye boda boda.

Na msiambiwe ni kazi ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, neno kwa neno, na Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi.

Kikao cha maoni ya umma kikija, mimi nitauliza mahali. Kifaa kikifungwa juu ya ofisi ya kaunti, kwenye miti na upepo mzuri, kitapima hewa ya wakubwa. Nataka kimoja stendi ya Kitale, na kingine Webuye, upande ule moshi ulikokuwa ukielekea.