Sarafu za Kilwa Ufukweni Australia

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa, mwanajeshi wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alipangiwa kazi katika kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Saa za mapumziko alikwenda kuvua samaki. Huko ufukweni ndiko alikoziona sarafu kuukuu mchangani, akaokota tisa, akazitia kwenye kopo. Zilikaa humo hadi mwaka 1979, alipozipeleka zichunguzwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki. Tano zilizobaki, za shaba, zilitoka Kilwa.

Kutoka Kilwa Kisiwani mpaka pale ni zaidi ya kilomita 10,000. Zilifikaje? Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 na Malaka, huko Asia ya Kusini-Mashariki, mwaka 1511, kwa hiyo huenda zilisafiri na mali zao. Wengine wanawataja wavuvi wa majongoo bahari kutoka Makassar, katika Indonesia ya leo, waliozoea kufika pwani ile. Moyo wa Mswahili ungependa kusikia kwamba mabaharia wetu walitia nanga Australia, lakini sarafu zilizookotwa pamoja na za Waholanzi hazitoshi kuthibitisha jambo hilo, na sioni fahari katika kulidai bila ushahidi.

Ninachomshukuru Isenberg si kuokota, bali ile alama ya X aliyoiweka kwenye ramani kuonyesha alipoziokota. Kwa kuifuata ramani hiyo, mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza msafara wa watafiti kwenda visiwani humo mwaka 2013. Bila alama ile, sarafu za Kilwa zingekuwa vipande vitano vya shaba na hadithi ya mzee.

Wapenzi wa vitu vya kale wa pwani yetu wanapaswa kulielewa hili kuliko wote, kwa sababu ya jinsi sarafu za Kilwa zilivyo. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama ubeti. Mwaka haukuandikwa. Anayetaka kujua umri wa sarafu hutazama tabaka la udongo ilimolala na vitu vilivyolala pamoja nayo.

Mfano mkubwa uko Pemba. Mwaka 1984, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu walifukua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Pamoja nazo zilikuwamo chache za dhahabu kutoka nchi za nje, zenye tarehe, na ya karibuni kabisa ilikuwa ya mwaka 1066. Kabla ya hapo Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka mingi, alikuwa amemweka sultani Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake liko kwenye baadhi ya sarafu hizo za fedha, mnamo mwaka 1200. Akiba ile ikawafanya wataalamu wairudishe nyuma tarehe hiyo kwa zaidi ya karne moja. Lau mtu angeikuta, akachukua dhahabu akauze na fedha akayeyushe, historia ya masultani wetu ingebaki na kosa hilo.

Ndiyo maana inaniuma kuona vigae vya kaure ya China na sarafu za shaba vikiokotwa kwenye magofu na kuuzwa kwa watalii kwa bei ya soda. Inaniuma pia kusikia habari za wanaochimba usiku kutafuta rupia za Mjerumani, wakibomoa misingi ya maboma na hata makaburi. Huo si upenzi wa mambo ya kale.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayekigundua kitu cha aina hiyo atoe taarifa. Kwa hiyo, msomaji unayependa kutembea ufukweni Kilwa au Mafia maji yakitoka, tembea kwa raha, tazama chini, piga picha. Ukiona kitu, kiache pale pale, andika mahali kilipo, kisha mpigie simu ofisa wa mambo ya kale au nenda makumbusho iliyo karibu nawe.