Fenilketonuria: maradhi ya kurithi yaliyodhibitiwa kwa chakula

Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway aliwapeleka wanawe wawili kwa Dokta Asbjørn Følling mjini Oslo. Watoto hao walizaliwa wakionekana wazima, lakini kadiri walivyokua akili zao zilidumaa, na mikojo yao ilikuwa na harufu ya ajabu. Madaktari wengine hawakuweza kumweleza sababu.

Dokta Følling, aliyekuwa pia mtaalamu wa kemia, aliutia mkojo huo kloridi ya chuma. Ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitarajia. Baadaye aliwapima mamia ya watu wenye ulemavu wa akili, akawapata wengine wanane wenye dalili hiyo hiyo. Baadhi yao walikuwa ndugu, ishara kwamba maradhi hayo ni ya kurithi.

Maradhi hayo, yaliyokuja kuitwa fenilketonuria, humpata mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, ingawa kwa kawaida wazazi wenyewe hawaugui. Mwili wake hushindwa kuvunjavunja fenilalanini, kiini kilichomo katika protini za nyama, maziwa, mayai na maharage. Kiini hicho hujilimbikiza katika damu na kuuharibu ubongo unaokua.

Kwa miaka mingi ugunduzi huo haukuwa na tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mjini Birmingham, Uingereza, Dokta Horst Bickel na wenzake walimpa msichana wa miaka miwili chakula maalumu kilichopunguzwa fenilalanini. Mtoto huyo, ambaye hakuweza kusimama wala kutembea, akaanza kutambaa na kujaribu kusimama. Jeni zake zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni chakula.

Hata hivyo, madhara yaliyokwisha kuupata ubongo hayakufutika kabisa. Ilibidi mtoto agunduliwe mapema, kabla ya dalili kujitokeza. Nchini Marekani, Dokta Robert Guthrie, ambaye mpwa wake aliugua maradhi hayo, alibuni kipimo cha matone machache ya damu ya kisigino yanayokaushwa kwenye karatasi. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kuwapima watoto wachanga.

Jambo moja lilibaki. Madaktari wengi waliwaruhusu watoto kuacha chakula hicho kabla ya kubalehe, wakiamini kwamba ubongo ulikuwa umekwisha kukomaa. Baadaye ilibainika kuwa baadhi yao walipata matatizo ya umakini na ya hisia. Leo wataalamu hushauri kwamba mgonjwa aendelee na matibabu maisha yake yote.

Nchini Uingereza, familia zenye asili ya Afrika Mashariki, kama nyingine zote, huombwa ridhaa ili mtoto atobolewe kisigino akiwa na umri wa siku tano hivi. Kilio cha mtoto ni cha muda mfupi tu, lakini kwa yule aliyerithi kasoro hiyo, matone hayo machache ndiyo yatakayouokoa ubongo wake.