Kiduku kilikotoka

Shule zikifungwa mwezi Desemba, vinyozi wa Dar es Salaam hawapati nafasi ya kukaa. Likizo iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu, kijana wa miaka 16, kwenye banda la kinyozi mtaani kwetu. Alifungwa kitambaa shingoni, akasema neno moja tu: "Kiduku." Mashine ikapita kushoto, ikapita kulia, mpaka ngozi ikang'aa. Katikati, kutoka juu ya paji hadi kisogoni, ukabaki mstari wa nywele uliosimama kama kilemba cha jogoo. Alipopakwa spiriti alikunja uso, kisha akajitazama kwenye kioo na kunyoosha mgongo.

"Mambo ya Wazungu hayo, mjukuu wangu," alisema mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake.

Shikamoo mzee, lakini asili ya mtindo huu si nyepesi hivyo. Waswahili wana denge tangu enzi za mababu: kichwa kinanyolewa, nywele zinabakishwa utosini. Nchini Ireland, mwaka 2003, ulifukuliwa mwili wa mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Nywele zake zilikuwa zimesimamishwa kwa mafuta ya mimea yaliyochanganywa na utomvu wa msonobari, na utomvu huo ulitoka mbali, Hispania au kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Kiingereza kimeupa mtindo huu jina la Wamohawk, wenyeji wa eneo ambalo sasa ni New York na mashariki mwa Kanada. Wao lakini hawakunyoa: waling'oa nywele na kuacha kifungu utosini. Mstari tunaoujua leo unafanana zaidi na ule wa Wapawnee wa Nebraska. Juni 1944, kikosi kidogo cha askari wa miamvuli wa Marekani kilinyoa hivyo na kujipaka rangi usoni, kisha kikapanda ndege kwenda kuruka vitani Normandy, Ufaransa. Kiongozi wao, Jake McNiece, alikuwa na damu ya Wachoctaw.

Waliokifanya kiduku kuwa mali ya vijana ni wapunk wa Uingereza, wapenzi wa muziki wa punk. Walianza kutikisa London mwaka 1976, wakati vijana wengi walipokuwa wakimaliza shule bila kuona kazi mbele yao. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, nywele zao zilikuwa miiba mirefu ya rangi kali. Hela ya vipodozi hawakuwa nayo, hivyo walizisimamisha kwa sabuni, maji ya sukari na ute wa yai. Wattie Buchan, mwimbaji wa bendi ya The Exploited kutoka Edinburgh, alijulikana kwa kiduku chake chekundu. Huko New York, ndugu wawili wa kike, Tish na Snooky Bellomo, walikuwa wamefungua duka la Manic Panic mwaka 1977, na rangi zao za nywele zinauzwa hadi leo.

Kisha mpira ukakichukua. Mwaka 2001 David Beckham aliingia uwanjani na kiduku, na mtindo wa wakorofi ukawa mtindo wa kila mtoto mwenye televisheni. Hapa kwetu, tamka taratibu neno panki, linalotajwa kila siku kwenye saluni za kiume, utamsikia punk ndani yake.

Naamini mtu mzima anapaswa kuijua historia hii kabla ya kushika mkasi. Kijana wa miaka 16 hana nyumba wala mshahara, na sare anachaguliwa. Kichwa ndicho kitu cha kwanza anachoweza kukiamulia mwenyewe, na akikiamulia anatuonyesha mtu anayetaka kuwa.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa tulirudi kwa kinyozi, maana kanuni ya shule inataka kichwa kinyolewe chote. Mpwa wangu aliniomba nimpige picha kwanza, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Nilimpiga zote mbili, na nimezihifadhi.